Habari za Taa Iliyoshuka Tumboni

Tangu kale mwanadamu amejua mambo ya nje kuliko ya ndani yake mwenyewe. Alihesabu nyota, akapima kina cha bahari kwa bildi, akajua majira ya kusi na ya kaskazi; lakini chakula chake kikisha kupita kooni, hakujua tena kimekwenda wapi wala kimefanywa nini. Mganga aliyeitwa kwa mgonjwa wa tumbo alikuwa na njia chache tu: kuuliza, kupapasa, kugonga kwa vidole, kutazama ulimi na choo. Asiporidhika, hakubakiwa na njia ila kisu. Na siku zile, kabla watu hawajaonyeshwa dawa ya usingizi mwaka wa 1846, kumpasua mtu tumbo kulikuwa karibu sawa na kumwua.

Katika kurasa hizi twasimulia jinsi taa ilivyoingizwa tumboni mwa mtu aliye hai, na jinsi kisu kilivyorudi nyuma kila mara taa ilipokwenda mbele. Twaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni habari ya uvumilivu mwingi, nayo yafaa kujulikana na kila mtu. Ya pili, wako wengi vijijini mwetu waonao shida ya kumeza, au maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Nao wakiambiwa waende hospitali wakaangaliwe kwa mpira wenye kamera, huogopa, hukaa nyumbani, hata wakati ukawapita. Mtu huogopa asichokijua. Basi, na tukijue.

Tumbo lenye dirisha

Mwezi wa Juni mwaka wa 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya karibu na kijana mmoja, Alexis St. Martin, mtumishi wa wafanya biashara ya ngozi, ikamjeruhi vibaya ubavu wa kushoto. Mganga wa askari, William Beaumont, alimwuguza pasipo kutumaini kwamba ataishi. Kijana akapona; walakini jeraha halikuziba kabisa. Tundu lilibaki ubavuni, likiingia hata mfuko wa chakula, kama dirisha katika ukuta wa nyumba.

Beaumont alitambua kwamba amepata jambo ambalo hajapata mtu mwingine. Alifunga vipande vya nyama na vya mkate kwa uzi wa hariri, akavitia tunduni, kisha akavivuta baada ya saa moja, au mbili, au tatu, atazame vimefanywa nini. Akajua kwamba tumbo latoa maji makali yenye kuyeyusha chakula, na kwamba mtu akikasirika tumbo lake nalo huharibikiwa na kazi yake. Habari zote akaziandika katika kitabu mwaka wa 1833. St. Martin mwenyewe alichoka mara kwa mara kutazamwa hivyo, akaenda zake kwao Kanada. Naye aliishi na tundu lake hata mwaka wa 1880.

Hivyo watu wakajua faida ya kuona. Lakini haiwezekani kungoja watu wapigwe risasi ili waganga wapate kujifunza. Ilipasa kutafuta njia nyingine, yaani kupita katika mlango ambao Mungu mwenyewe ameuweka, nao ni kinywa.

Mshumaa na upanga

Mtu wa kwanza kuitafuta njia hiyo alikuwa amekwisha kumtangulia Beaumont. Katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, yapata mwaka wa 1806, mganga Philipp Bozzini alitengeneza chombo mfano wa taa ya mkononi. Ndani yake palikuwa na mshumaa na kioo cha kurudisha nuru, na mbele yake mirija ya namna mbalimbali ya kuingizwa katika matundu ya mwili. Wakuu wa elimu ya uganga mjini Vienna walikidharau, wakakiona kuwa kitu cha kuchezea tu. Bozzini hakupata nafasi ya kuwajibu. Mwaka wa 1809 alikufa kwa homa aliyoipata katika kuwauguza wagonjwa wake, naye hajatimiza miaka 36.

Mwaka wa 1853, mjini Paris, Antonin Jean Desormeaux alionyesha chombo kilicho bora zaidi, chenye taa ya kuchoma spiriti na tapentaini. Yeye ndiye aliyekipa chombo jina la endoskopu, maana yake kitazamacho ndani. Kwa chombo hicho waliweza kutazama kibofu. Tumbo lilikuwa mbali bado.

Aliyefungua njia ya tumbo hakuwa mganga wala mtu wa shule. Alikuwa mmoja wa wale wazungukao masokoni wakijionyesha kwa fedha, nayo kazi yake ilikuwa kumeza panga. Mwaka wa 1868, mjini Freiburg, mganga Adolf Kussmaul alifikiri hivi: ikiwa mtu huyu aweza kushusha upanga hata tumboni bila kujidhuru, mbona mrija usishuke? Akagundua siri yake. Mtu akikilaza kichwa nyuma sana, kinywa na koo na umio huwa mstari mmoja ulionyoka. Kussmaul akatengeneza mrija wa chuma wenye urefu wa sentimita 47 na upana wa milimita 13, akauingiza katika koo la mmeza panga, nao ukafika. Lakini alipotazama, hakuona kitu cha kumfaa. Nuru ya taa ya Desormeaux ilikuwa hafifu, na maji ya tumbo yaliziba njia. Mlango ulikuwa wazi, na nyumba ilikuwa giza.

Nuru ya kutosha ilikuja kwa umeme. Mwaka wa 1881, mjini Vienna, Johann Mikulicz, pamoja na fundi wa vyombo Josef Leiter, walitengeneza mrija wenye uzi wa platina uliowaka kwa nguvu ya umeme, na maji yakapitishwa kando yake ili usimwunguze mgonjwa. Mikulicz akaona umio na ndani ya tumbo. Hata hivyo mrija ulikuwa wa chuma, haukupindika, na mwili wa mtu haukuumbwa kwa rula. Mirija iliyonyoka namna ile iliweza kutoboa umio, na umio ukitobolewa siku zile, mgonjwa alikufa. Kwa sababu hiyo waganga wengi waliona heri kutokutazama kuliko kutazama kwa hatari.

Chombo kinachopindika

Yapata miaka 50 ilipita hivi. Ndipo Rudolf Schindler wa Munich, akisaidiwa na fundi Georg Wolf wa Berlin, alipotoa mwaka wa 1932 chombo ambacho nusu yake ya juu ni ngumu na sehemu ya chini yapindika kidogo. Ndani yake zilipangwa lenzi nyingi, moja nyuma ya nyingine, hata sura ya kitu ikapita katika kipindo pasipo kupotea. Mkewe Gabriele alikuwa na kazi yake katika uganga huo, nayo ilikuwa kushika kichwa cha mgonjwa, kukiongoza, na kumtuliza mwenye hofu. 

Lakini siku zile utawala wa Hitler uliingia Ujerumani. Schindler, aliyekuwa na damu ya Kiyahudi kwa upande wa baba, alikamatwa akatiwa kifungoni. Na alipofunguliwa, mwaka wa 1934, akahamia Chicago. Huko alifundisha waganga wengi, na mwaka wa 1941 akaanzisha chama chao. Hivyo Ujerumani ikapoteza, na Marekani ikapata.

Baada ya vita kuu ya pili, Wajapani walishika njia yao wenyewe. Saratani ya tumbo ilikuwa ikiwaua watu wengi katika nchi yao kuliko nchi nyingine nyingi. Mwaka wa 1950 mganga Tatsuro Uji wa Tokyo, pamoja na mafundi wa kiwanda cha Olympus, walitengeneza kamera ndogo sana, yenye filamu na taa yake, ikafungwa mwisho wa mpira wa kumezwa. Mganga hakuweza kuona anachopiga picha. Alifanya kazi katika chumba cha giza, na kila taa ilipomulika ndani ya tumbo, mwanga hafifu ulionekana juu ya ngozi ya mgonjwa. Kwa mwanga huo alijua kamera imefika wapi. Kwa subira ya namna hii Wajapani walijifunza kuitambua saratani ya tumbo ingali changa. Mwaka wa 1962 wakakubaliana jinsi ya kuipima na kuiainisha, wakawa walimu wa mataifa katika jambo hilo.

Nyuzi za kioo

Mwezi wa Januari mwaka wa 1954, Harold Hopkins na mwanafunzi wake Narinder Kapany, aliyetoka Bara Hindi, walitangaza mjini London kwamba wameweza kupitisha sura ya kitu katika mtungo wa nyuzi za kioo. Jambo lenyewe ni hili. Nuru ikiingia katika ncha ya uzi mwembamba wa kioo, hugonga ukuta wa uzi na kurudi ndani, ikagonga tena na kurudi tena, hata ikatokea ncha ya pili. Na uzi ukipindwa, nuru nayo huufuata. Nyuzi nyingi zikifungwa pamoja, kila moja mahali pake katika ncha zote mbili, kila uzi huleta chembe moja ya sura, na chembe zote pamoja hufanya sura nzima.

Basil Hirschowitz, mganga kijana aliyezaliwa Afrika ya Kusini, alikuwa wakati huo akifanya kazi Ann Arbor, katika jimbo la Michigan. Alisoma habari ile, akavuka bahari kwenda London kuona kwa macho yake, akarudi na kazi moyoni. Tatizo lilikuwa kwamba nyuzi zikigusana huibiana nuru. Aliyelitatua ni Lawrence Curtiss, mwanafunzi aliyekuwa bado shuleni, ambaye mwezi wa Desemba mwaka wa 1956 alivisha kila uzi ganda la kioo cha namna nyingine, nuru isitoke. Mwezi wa Februari mwaka wa 1957 chombo kilikuwa tayari. Nani akimeze kwanza? Hirschowitz hakumtafuta maskini wa kumjaribia, alikimeza mwenyewe. Siku chache baadaye ndipo alipomwangalia nacho mgonjwa wa kwanza.

Toka hapo chombo kilikuwa mpira laini, kilipita kila kipindo, na mganga aliona kwa jicho lake hata mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwaka wa 1983 ukaja mpira wenye kamera ya umeme katika ncha yake, na sura ikaonekana katika televisheni. Tangu siku hiyo mwalimu na wanafunzi wake huona jambo moja kwa pamoja.

Jicho lapata mkono

Kando ya njia ya nuru mafundi waliacha tundu jembamba la kupitisha waya. Hapo jicho likapata mkono. Mwaka wa 1969, mjini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walipitisha kitanzi cha waya ndani ya utumbo mpana, wakakivisha kinundu kilichoota humo, wakakikaza, wakapitisha umeme, kinundu kikakatika na damu ikakauka papo hapo. Mgonjwa hakusikia uchungu wa kukatwa, maana ngozi ya ndani ya utumbo haina hisi hiyo. Kabla ya hapo kinundu cha juu namna ile hakikutolewa ila kwa kupasua tumbo. Tena vinundu hivi vingine hugeuka saratani baada ya miaka mingi. Anayevitoa mapema huuzuia ugonjwa kabla haujazaliwa. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka wa 1993 ulithibitisha neno hilo.

Mwaka wa 1974, huko Kyoto na huko Erlangen, waganga waliweza kupanua mlango wa njia ya nyongo kwa waya na kuvuta mawe yaliyoiziba. Katika miaka ya 1980 wakajua kuifunga kwa vipete vya mpira mishipa ya umio inayopasuka na kumwaga damu.

Na mahali penginepo jicho lilipata sababu ya ugonjwa wenyewe. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba vidonda vya tumbo hutokana na fadhaa na ukali wa maji ya tumbo, na wagonjwa wengi walikatwa sehemu ya tumbo. Mjini Perth, Australia, Robin Warren aliona vijidudu katika vipande vidogo vya ngozi ya tumbo vilivyotolewa kwa mpira. Yeye na kijana Barry Marshall wakajaribu kuviotesha, wasifanikiwe, kwa kuwa vyombo vilitupwa baada ya siku mbili. Ikaja Pasaka ya mwaka wa 1982. Kwa ajili ya sikukuu vyombo viliachwa siku nyingi kuliko desturi, na watu waliporudi kazini wakakuta vijidudu vimeota. Hawakusadikiwa. Mwaka wa 1984 Marshall akanywa kikombe cha vijidudu hivyo, akaugua, akaangaliwa kwa mpira, na tumbo lake likaonekana limevimba kama la wagonjwa wake. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Siku hizi wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo hupona kwa dawa za majuma mawili hivi, na tumbo lao halikatwi.

Matundu madogo

Kuna magonjwa yasiyofikiwa kwa njia ya kinywa wala ya haja, kama ya kidole cha tumbo na ya kifuko cha nyongo. Kwa hayo walitafuta njia ya matundu madogo. Mwaka wa 1901 Georg Kelling alitia hewa katika tumbo la mbwa, akaingiza mrija wa kutazamia. Mwaka wa 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Uswidi alitangaza kwamba amefanya vivyo kwa watu. Mwaka wa 1980, mjini Kiel, Kurt Semm alitoa kidole cha tumbo kwa matundu madogo. Na mwezi wa Septemba mwaka wa 1985, mjini Böblingen, Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo. Mühe alipowasimulia wapasuaji wenzake mwaka uliofuata, walimpuuza. Mwaka wa 1992 walewale wakampa heshima kubwa ya chama chao, maana kazi aliyoianza ilikuwa imekwisha kuenea duniani. Mgonjwa ambaye zamani alilala hospitali siku nyingi na kovu refu, sasa mara nyingi huenda kwake baada ya siku moja au mbili.

Yasalia kutaja kidonge. Mwaka wa 2000 ilitangazwa kamera yenye umbo la kidonge, ambayo mtu humeza kwa maji, nayo hupita utumbo wote ikituma picha, kisha hutoka yenyewe. Yaona kule ambako mpira haufiki kwa urahisi. Ila haina mkono, haiwezi kukata wala kufunga.

Habari hizi zatuhusuje

Msomaji aweza kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya, Marekani na Japani. Sivyo. Katika ukanda unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hata Malawi, saratani ya umio huonekana kwa wingi kuliko katika nchi nyingi za dunia. Tumbaku na pombe zatajwa katika sababu zake. Na mwaka wa 2016 wataalamu wa dunia walisema kwamba vinywaji vya moto mno, vinavyopita digrii 65, yaelekea huongeza hatari hiyo. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakati hata maji hayapiti tena. Katika hospitali ya misheni ya Tenwek, huko Bomet, Kenya, waganga wamewasaidia wengi wa namna hiyo kwa kuwatia katika umio, kwa kutumia mpira, mrija wa waya uliosukwa, ambao hufunguka wenyewe na kuipanua njia. Mrija huo hauponyi saratani. Lakini mtu aliyekuwa akifa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa huweza kula tena pamoja na watoto wake, na siku zake zilizobaki huwa siku za mtu.

Kadhalika kando ya Ziwa Viktoria kichocho huharibu ini pole pole, hata mishipa ya umio ikavimba na kupasuka, na mtu akatapika damu. Watu husema amerogwa. Hakurogwa, ni mishipa, nayo huweza kufungwa kwa vipete tulivyotaja, akifikishwa mapema mahali penye chombo na mwenye ujuzi.

Na hapo ndipo penye shida yetu. Vyombo hivi ni ghali, vyataka kusafishwa kwa uangalifu mwingi baada ya kila mgonjwa, na wajuao kuvitumia ni wachache kwa hesabu ya watu wetu. Mgonjwa wa kijijini aweza kusafiri siku nzima kabla ya kukifikia. Wenye kutawala na wenye mali wana deni katika jambo hili, nasi twawakumbusha. Lakini sehemu moja ya njia ni fupi, nayo i mikononi mwetu wenyewe: kutoka kitandani hata mlangoni. Chakula kikianza kukwama kooni, au choo kikiwa cheusi kama lami, au damu ikionekana, au mwili ukikonda pasipo sababu, mtu asikae akingoja. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Nasi wafundishaji, tulio karibu na watu majumbani mwao, tuwaambie kweli. Mpira ule ni mwembamba kuliko kidole cha mtu mzima. Mgonjwa hufunga kula saa chache, hutiwa dawa ya kufa ganzi kooni, au dawa ya kusinzia. Kazi ya kutazama tumbo mara nyingi huisha kwa dakika chache. Hatari ipo, kama ilivyo katika kila kazi ya uganga, ila ni ndogo sana ikilinganishwa na hatari ya kukaa gizani. Anayewaogopesha jirani zake kwa hadithi za uongo habebi mzigo wao siku ya msiba. Anayemshika mgonjwa mkono na kwenda naye hospitali amefanya kazi iliyo sawa na ile ya Gabriele Schindler, aliyeshika vichwa vya wenye hofu ili wengine wapate kuona.